Shamba la ngano ukutani: la Bruegel, la Shishkin au la Van Gogh?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Niliwahi kuprintisha kopi ya ile picha ya Van Gogh, mchoraji Mholanzi, ya kunguru juu ya shamba la ngano, na kwa vile fremu niliyokuwa nayo ilikuwa ya A2 (karatasi kubwa mara nne ya A4) nikasema basi printi iwe A2, nikatundika, nikarudi nyuma hatua mbili, nikajipongeza. Nimekaa nayo miezi kadhaa. Siku moja naangalia picha kamili kwenye simu, naona kuna njia tatu pale shambani, moja inatokea kushoto, moja kulia, moja inaingia katikati ya ngano. Nikainua macho ukutani. Yangu ina ya katikati tu, hizo mbili zimebaki vipande kwenye kona kama mtu kamwaga chai. Jamaa wa printi alikata pembeni ili picha iingie kwenye karatasi, hakuniambia, na mi sikuuliza, na kibaya zaidi sikugundua.

Ndo nikaanza kuziangalia hizi picha za mashamba ya ngano kwa makini, moja baada ya nyingine, maana mwanzo nilikuwa nachagua kwa rangi, yani njano inayoendana na mapazia. Sikulaumu mtu akichagua hivyo, ila ukifanya hivyo picha zote zinakuwa moja. Sa hivi kabla ya kitu kingine najiuliza swali moja: mchoraji kanisimamisha wapi? Miguu yangu iko wapi kwenye hii picha? Niko juu kilimani naangalia wengine wakifanya kazi, niko barabarani natembea, niko ndani kabisa ya ngano, au nimefika mahali njia imeisha? Ukijibu hilo utajua kama utaweza kuishi na hiyo picha au itakuchosha baada ya wiki mbili.

Nimechukua nne ambazo watu huwa wanachanganyikiwa kati yake, na mbili tatu nitazipitia juu juu.

Ya zamani kuliko zote ni Wavunaji ya Pieter Bruegel, 1565, rangi ya mafuta juu ya mbao, kubwa, kama sentimita 119 kwa 162, iko makumbusho ya Metropolitan, New York tangu 1919. Hapa miguu yako iko juu, kwenye kilima, na huna kazi yoyote, we ni mtazamaji. Kushoto wanaume wanakata ngano kwa zile panga ndefu zenye mpini wa kushika kwa mikono miwili, na ngano yenyewe imesimama kama ukuta wa nyumba, umeona kabisa pale walipoikata imebaki kona kali kama keki. Katikati wameacha uchochoro ndani ya ngano, na ndani yake kuna mtu anapanda juu amebeba mitungi, yani kinywaji kinakuja. Kulia chini ya mti wa peasi watu wamekaa wanakula, mkate, jibini, bakuli. Na pale kwenye shina la mti kuna mmoja kalala chali, miguu kaitanua, mdomo wazi, keshakatika. Huyo ndo ninayempenda kuliko wote. Wenzake wanatafuna, wenzake wengine bado wanakata, yeye hayuko duniani.

Alafu ukishamaliza hao wa mbele ndo unaanza kushuka. Kuna mkokoteni uliojaa ngano kule chini, kuna kanisa limejificha nyuma ya miti, kuna kijiji, watoto wanacheza kwenye majani, na mwisho kabisa maji yenye meli na ukungu wa joto, mpaka hujui bahari imeishia wapi mbingu imeanzia wapi. Nimekaa na kopi yake mwaka mzima na bado nilikuwa navumbua vitu. Wale ndege wanaoruka juu ya masuke, kwa mfano, nilichelewa sana kuwaona, kisha ukiwaona unaelewa wanakimbia nini.

Kuna jambo dogo ambalo watu huwa wanadhani mchoraji katia chumvi, nalo ni urefu wa ngano. Mbona inamfika mtu mabegani? Hakutia chumvi. Ngano ya zamani ilikuwa ndefu kweli, hii fupi tuliyozoea kuiona ni matokeo ya mbegu za karne ya 20 zilizozalishwa ziwe na bua fupi lisiloanguka likibeba suke zito, kazi ambayo mtaalamu wa mbegu Norman Borlaug alipewa Nobel ya amani mwaka 1970 kwa sehemu yake. Kwa hiyo ukiangalia picha ya kabla ya hapo ukaona mtu kazama ndani ya ngano, mwamini mchoraji.

Kitu kingine kinachoipa Bruegel pointi kwa anayetaka picha ya nyumbani: ilichorwa iwe ya nyumbani. Ilikuwa sehemu ya seti ya miezi ya mwaka aliyoagiza mfanyabiashara wa Antwerp anaitwa Nicolaes Jongelinck, hii ikiwa ya Julai na Agosti, na zimebaki tano, tatu ziko Vienna, moja Prague, na hii. Ile maarufu ya wawindaji kwenye theluji ni dada yake wa tumbo moja. (Huyo Jongelinck mwaka 1566 akaziweka picha zake 16 za Bruegel dhamana ya deni la rafiki yake, gilda 16,000, pesa ya huko enzi hizo. Marafiki bwana.) Kwahiyo hii sio picha ya kutazamwa dakika moja kwenye ukumbi ukapita, ni ya mtu anayekaa nayo, anakula, anageuka, anaangalia tena.

Ubaya wake? Ina watu wengi. Kama unatafuta utulivu, haina, ina shughuli. Na ukiiprintisha ndogo imekufa, yule aliyelala anakuwa kidoa na meli zinapotea kabisa.

Sa tuje kwa Mrusi, Ivan Shishkin, picha yake inaitwa Rai, yani ile nafaka, ya 1878, iko makumbusho ya Tretyakov, Moscow, sentimita 107 kwa 187. Najua najua, rai sio ngano. Ni nduguye, na kwa macho ya asiye mkulima shamba lililoiva ni lile lile la dhahabu, na watu huwa wanaitafuta wakisema ngano, kwa hiyo naiweka humu. Hapa miguu yako iko barabarani. Njia ya mkokoteni yenye majani katikati inaanzia pale pale chini ya fremu, mbele ya vidole vyako, inapinda, inamezwa na rai. Mbayuwayu wanapita chini chini karibu na ardhi. Na juu ya hilo bahari la rai imesimama misonobari mikubwa mikubwa, imeachana achana, kama wazee waliosimama wakisubiri jambo. Mmoja umekauka, matawi matupu.

Shishkin alikuwa mtu wa kuchora jani kwa jani, ukisogea karibu utaona maua ya porini pembeni ya njia, unaweza kuyahesabu. Kwenye mchoro wake wa maandalizi aliandika maneno kadhaa kuhusu upana, nafasi, rai, neema ya Mungu, utajiri wa Urusi. Kwa hiyo picha ni ya kushukuru. Lakini ule mti mkavu haukubali kushukuru moja kwa moja, na mawingu yanajikusanya kule mwisho, na mkewe Shishkin alikuwa amefariki 1874, basi wapo wanaousoma ule mti kama kilio chake. Mi sitaki kuwasomea watu mioyo yao, ila naona kwamba bila ule mti mkavu picha ingekuwa kalenda. Yani nzuri, lakini kalenda. Mti ndo unaoishikilia.

Hii ni ya mtu anayetaka nafasi. Chumba kidogo, dirisha linaloangalia ukuta wa jirani, weka Shishkin, chumba kinapumua. Na mtu asiyependa picha za "brashi imekimbia kimbia" hii haimsumbui, kila kitu kipo mahali pake. Mimi binafsi inanichosha kidogo, nisiseme uongo, macho yanafika mwisho wa njia yanakosa cha kufanya. Lakini mama yangu akiiona anasema hiyo ndo picha, nyingine zote ni watoto wamechezea rangi.

Van Gogh sasa, na hapa lazima tutenganishe, kwa sababu mtu akisema "ile ya ngano ya Van Gogh" hajasema kitu, jamaa kachora ngano chungu nzima. Mbili ndo zinazogombaniwa.

Ya kwanza ni ile yenye miti ya saipresi, ya 1889. Alikuwa Saint-Rémy kusini mwa Ufaransa, kajipeleka mwenyewe kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili mwezi Mei mwaka huo. Unasimama karibu ndani ya ngano, iko chini ya fremu nzima kutoka upande hadi upande, na hakuna njia. Ngano inalala na upepo, kichaka cha mzeituni nacho kinajikunja, milima ya bluu nyuma inajikunja, mawingu ndo usiseme, yamevingirika kama nguo zinazosuuzwa. Kitu kilichosimama wima ni saipresi mbili pale kulia, mrefu na mfupi, kijani cheusi, na hata zenyewe zimechorwa kama moto. Van Gogh alikuwa anazilinganisha na ile minara ya mawe ya Misri. Kwenye nchi za Mediterania ni miti ya makaburini pia, ila humu sioni kaburi, naona siku ya upepo mkali na mtu aliyefurahi kuwa nje.

Ziko kopi zaidi ya moja za mkono wake, na hili ni muhimu ukiwa unachagua. Ya Metropolitan, New York, ni ya Juni na Julai, rangi nene, imerundikana, unaona kabisa mahali brashi iligeuka. Ya makumbusho ya National Gallery, London, ni ya Septemba, aliirudia ndani studio, imetulia zaidi, rangi imelala, mistari imepangwa. Ipo na ndogo ya tatu aliyoifanyia mama yake na dadake. Ukiziweka mbili kubwa pamoja utadhani ni moja, kisha ukiangalia mawingu unaona ya New York yanaenda na ya London yameshafika. Mi nachukua ya New York bila kufikiria mara mbili. Lakini kwa printi ndogo ya karatasi, ile ya London inatoka vizuri zaidi, kwa sababu unene wa rangi hauprintiki, unaopata ni kivuli chake tu, na picha iliyotegemea unene inabaki kama imepauka.

Ya pili ni ya kunguru, ya Julai 1890, Auvers-sur-Oise, kaskazini mwa Paris, sasa iko makumbusho ya Van Gogh, Amsterdam. Sentimita 50.5 kwa 103, yani mraba mbili ukiziunganisha, ndefu na fupi. Hapa ndo kwenye kesi yangu. Anga la bluu nzito karibu nyeusi, ngano ya njano inayopigwa huku na huku, kunguru ambao ni mipigo ya brashi tu, nyeusi, tik tik tik, hujui wanakuja au wanaondoka. Na zile njia tatu, za rangi ya udongo mwekundu na kijani pembeni. Umesimama njia panda. Ya kushoto inatoka nje ya picha. Ya kulia inatoka nje ya picha. Ya katikati, ambayo ndo macho yanaifuata, inaingia kwenye ngano, inapinda, inaishia humo. Hakuna nyumba wala mtu. Sasa fikiria umekata zile za pembeni kama mimi, ukabaki na moja. Inakuwa picha ya njia inayoingia shambani, kitu cha kawaida kabisa, hata kinavutia, na mi ndo maana sikuhisi kitu. Ukirudisha zile mbili unasimama, unasita. Picha yenyewe ni huko kusita.

Wengi watakwambia hii ndo picha yake ya mwisho, alichora akaenda kujipiga risasi. Sio. Alijipiga tarehe 27 Julai, akafa tarehe 29, na baada ya hii zilifuata nyingine, inayodhaniwa kuwa ya mwisho ni ile ya mizizi ya miti. Hadithi ya picha ya mwisho inawafanya watu waone kifo kila kunguru anapopiga bawa. Kwenye barua yake ya siku hizo alimwandikia nduguye Theo kwamba amechora mashamba makubwa ya ngano chini ya anga lililochafuka, na hakuona tabu kusema alitaka kuonyesha huzuni na upweke uliopitiliza, lakini humo humo akasema pia picha hizo zinasema anachokiona chenye afya na chenye kutia nguvu mashambani. Vyote viwili, kwenye barua moja. Nikiiangalia najaribu kushika vyote viwili, siku nyingine naweza, siku nyingine nabaki na anga tu.

Kwahiyo chumba cha kulala usiweke. Sio mambo ya mikosi, ni kwamba ukiamka saa tisa usiku hutaki kukutana na njia panda.

Kama unapenda Van Gogh lakini kunguru wamekutisha, tafuta ile ya mvunaji, 1889 pia, shamba lote njano, jua njano, anga lenyewe limeshika unjano wa kijani, na mtu mmoja katikati na mundu wake mchoraji kamfanya kama mstari uliopinda. Yeye mwenyewe alisema huyo mvunaji ni mfano wa kifo, lakini kifo kisicho na huzuni, mchana kweupe. Ajabu ni kwamba hiyo inayosema kifo waziwazi ndo inayofurahisha kuangalia.

Monet, yule mchoraji Mfaransa, sitakaa naye sana. Yale marundo yake ya Giverny, kijijini kwake, 1890 na 1891, picha kama 25, watu huita marundo ya nyasi lakini mengi ni marundo ya ngano iliyovunwa yakisubiri kupurwa. Humo shamba hamna, ngano imeshakuwa umbo, kinachochorwa ni saa: asubuhi, jioni, theluji, jua linazama. Moja peke yake ni kama neno moja lililochomolewa kwenye sentensi. Moja iliuzwa mnada wa 2019 kwa dola milioni 110.7, sawa, lakini kwa ukuta wako chukua tatu ndogo uzipange au acha.

Sa mambo ya fremu, maana hapo ndo watu tunaliwa. Karatasi za A zote, A4, A3, A2, upana wake ni mara 1.4 ya kimo. Kunguru ni mara mbili. Kuiingiza A2 kwa kuijaza unatupa karibu theluthi ya picha, kama sentimita 16 za ile halisi kila upande, na ndo njia zenyewe hizo. Shishkin naye ni mara 1.75, ukimjaza kwenye A2 unapoteza misonobari ya upande mmoja. Saipresi ni kinyume, ile ya New York ni 73 kwa 93, inakatwa juu au chini, na ikikatwa juu mti umenyolewa kichwa. Bruegel pekee ndo anaingia karibu salama, anapoteza ukingo mdogo. Mwambie wa printi aache nyeupe pembeni, asijaze. Mwambie kwa maandishi. Na faili usichukue la mtandaoni ovyo lenye njano ya haradali, Metropolitan wanatoa picha za kazi zao zilizo huru bure, kubwa, za kushusha, Bruegel na saipresi zote zimo. Usigombane sana na njano lakini, baadhi ya njano alizotumia Van Gogh ni za kromi, zinageuka kahawia kadri mwanga unavyozipiga, hata ile halisi haiko kama alivyoiacha.

Kwa hiyo ukinibana nichague moja ya sebuleni, ambako watu tofauti wanakaa na wanasubiri chai na hawana cha kuangalia, Bruegel, kubwa uwezavyo, isiwe chini ya A2. Mtoto atamwona aliyelala, mzee atamwona aliyebeba mitungi. Kwa ukuta mrefu juu ya kochi na mtu anayeishi peke yake na hana shida na kimya, kunguru, kamili. Chumba cha kazi, saipresi, inakuamsha bila kukusumbua. Shishkin mpe mama.

Mi sasa hivi nina Bruegel sebuleni. Ile ya kunguru iliyokatwa sikuitupa, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo, na kila asubuhi nikifungua natafuta shati naiona ile njia moja inaingia kwenye ngano, nzuri kabisa, na natumia sekunde kadhaa kuzirudisha zile mbili kichwani kabla sijafunga.